Gorofa Iliyosimama Mbele ya Mwezi

Mmeniomba niandike, nyinyi vijana wa chumba cha ramani, na mimi sijui kuwanyima watu walioninunulia blanketi na saa ya ukutani siku ya kuniaga. Vyeo nitaviacha, maana vilikuwa viwili tu na vyote mnavijua. Mshahara nao nikianza kuuandika utaisha kabla ya sentensi. Nitaandika juu ya kazi, na hasa juu ya lile jengo la barabara ya soko. Nimestaafu, nina mbuzi wangu na miembe yangu, ningepaswa kuwa mtu wa raha. Lakini kila nikishuka mjini Kitui nikiinua macho, nalikuta pale pale, na moyo unazama.

Nilianza Tawa, Uhuru ukiwa bado mchanga. Siku ya kwanza nilikwenda nimevaa tai, nikidhani nitakaa mezani. Nilipewa nyundo, kamba na mzigo wa mambo, vile vijiti vya kupigilia ardhini, nikaambiwa nikapime viwanja vya soko. Jioni tai ilikuwa imefungia mambo. Msimamizi wetu alikuwa Mzee Ngumbau, mtu mfupi wa sauti ndogo, ambaye hakuwahi kumsifu mtu mbele yake. Yeye ndiye aliyenifundisha wino. Mstari ukienda kombo hufuti, unaukwangua kwa wembe polepole, kisha unasugua karatasi kwa ukucha mpaka ilainike, ndipo wino mpya usisambae. Nyinyi mna kalamu za kisasa na bado mnaharibu karatasi, lakini hayo tuyaache.

Jambo lake kubwa lilikuwa kivuli. Kila plani iliyopita mezani kwake, hata ya choo, alitaka tuchore kwa penseli nyumba za majirani na mahali kivuli kitakapoangukia alasiri. Wenye plani walikasirika, wakisema wamelipia nyumba yao, si ya jirani. Mzee Ngumbau aliwasikiliza mpaka wamalize, halafu akaturudishia karatasi tuendelee kuchora. Alikuwa akisema hakuna nyumba inayosimama peke yake duniani, isipokuwa ile iliyo kwenye karatasi.

Nikahamishiwa Makindu. Huko nilijifunza joto na vumbi, na nilijifunza kwamba hekalu la Kalasinga, wale Wahindi wa vilemba, linampa chakula msafiri yeyote bila kumuuliza ametoka wapi, jambo ambalo limeokoa makarani wengi mwisho wa mwezi. Kesi ngumu ya huko ilikuwa ya mwenye hoteli aliyetaka kusimamisha bango refu mbele ya duka la mwenzake, madereva wa barabara ya Mombasa walione toka mbali. Nilichora barabara nzima, duka, bango na kivuli. Kamati ikaangalia ule mchoro, bango likakatwa nusu. Wote wawili wakaacha kunisalimia. Wakati huo niliona ni kazi nzuri. Niliamini kwamba ukimwonyesha mtu kitu kwa mstari safi, atakiona.

Nilifika Kitui katikati ya miaka ya sabini, nikapanga chumba mtaa wa Waislamu, nyuma ya msikiti. Mwenye nyumba wangu alikuwa Mzee Athmani, fundi cherehani. Babu yake alikuja kutoka pwani na misafara, akaoa, akazikwa hapa. Mzee Athmani mwenyewe alisema Kikamba kizuri kuliko baadhi yenu. Cherehani yake ilikaa kwenye baraza ya mbele, na hapo ndipo nilipokula jioni nyingi, maana mke wake, Bi Zuhura, hakukubali kwamba mtu anaweza kuishi kwa mkate na soda.

Sasa niwaeleze jinsi mji ulivyokaa, kwa sababu wengi wenu hamkuuona ukiwa wazi. Kutoka mtaa ule, mji ni kama ndani ya bakuli lililovunjika ukingo upande mmoja. Huku vilima, huku miti ya wamishonari, huku majumba ya serikali. Ila upande wa machweo, juu ya mabati ya soko, palikuwa na upenyo mmoja mpana, na kupitia hapo uliona anga mpaka chini kabisa, bluu ya mbali ya nyanda za Yatta. Siku ya ishirini na tisa ya mwezi, Ramadhani ikikaribia kuingia au kuisha, mtaa mzima ulitoka kuangalia kwenye ule upenyo. Wanawake kwenye milango, watoto juu ya ukuta, wazee kwenye baraza ya Mzee Athmani. Mwezi mwandamo unakaa chini sana na hauchelewi kuzama. Ni kipande chembamba kama ukucha uliokatwa. Mzee Athmani ndiye aliyekuwa mwenye macho, kama baba yake. Angesema, "Ule pale, juu ya bati la mchinjaji," na kidole chake kingefuatwa na macho ya watu wote, mpaka mmoja baada ya mwingine waseme nimeuona, nimeuona. Mimi ni mtu wa kanisa, lakini nami nilikuwa nikitoka kuangalia. Ulikuwa wakati mzuri kuliko yote katika mwaka, nasema hivyo bila haya.

Ndipo ikaja plani ya gorofa nane.

Ilitoka kwa kampuni moja ya Nairobi, ambayo haina haja ya kutajwa. Msanifu wao aliichora vizuri, siwezi kumnyima sifa hiyo. Vioo kuanzia chini mpaka juu, vikitazama magharibi, mbele yake miti isiyoota Ukambani, na watu wawili wenye suti wakitembeza mbwa mweupe. Nyuma yake rangi ya anga tu. Hapakuwa na soko, hapakuwa na msikiti, wala sisi hatukuwapo. Nilitafuta mahali pa kiwanja kwenye ramani yangu, nikaweka rula, nikaketi. Kiwanja kilikuwa katikati ya ule upenyo.

Karani wa kaunsili aliniagiza niandae mchoro mkubwa wa kubandika ukumbini, wananchi waje watoe maoni. Nilichora kama Mzee Ngumbau alivyonifundisha. Niliweka gorofa nane, soko chini yake, msikiti, baraza ya Mzee Athmani, kivuli cha alasiri kilichofunika vibanda vyote, na mstari wa jicho kutoka barazani ukigonga gorofa ya tano. Karani aliutazama muda mrefu.

"Musyoka," akasema, "hii ni plani ama ni malalamiko?"

Akaukunja, akauweka juu ya kabati. Ukumbini ikabandikwa ile picha ya mbwa.

Nimewasikia mkisema kwamba wakubwa ndio walioulazimishia mji lile jengo. Si kweli, na ukweli wenyewe unauma zaidi. Ukumbi ulijaa mpaka madirishani na watu wengi walilipenda. Walisogea mmoja mmoja wakigusa vile vioo vya karatasi kwa ncha ya kidole. Mwalimu mmoja kijana alisimama akasema mtoto wa Kitui akitaka kuona lifti lazima apande basi mpaka Nairobi, na sasa lifti inakuja yenyewe. Watu walipiga makofi na miguu. Siwalaumu. Sisi tulikuwa watu wa kutajwa redioni wakati wa njaa tu. Walitaka kitu kimoja kirefu, kinachoonekana toka mbali, cha kuonyesha kwamba hata hapa kuna watu.

Waliopinga walichekwa. Mama mmoja wa kuuza ndengu aliuliza kivuli kitaanguka wapi mchana, kwa sababu yeye huanika pale pale sokoni. Msanifu alimjibu kwamba atapata baridi nzuri. Wanawake wa mtaa wetu waliuliza madirisha ya juu yatatazama nini, maana mabafu yao ni mabati manne yasiyo na paa. Ukumbi uliangua kicheko, na meneja wa kampuni akasema basi waweke paa. Wale wanawake walikuwa hawafanyi mzaha hata kidogo. Waliketi wakajifunika vizuri.

Kisha akasimama Mzee Athmani, kofia mkononi. Alieleza habari ya mwezi kwa utaratibu, kama mtu anayepima kitambaa. Diwani mmoja akamkatiza, akamuuliza kama hajui kwamba mwezi unatangazwa redioni.

"Redio inatangaza ule mwezi wengine wameona," Mzee akasema. "Sisi huwa tunaona wetu."

Meneja alikuwa mtu mwerevu. Alisimama akitabasamu, akasema kampuni inaheshimu dini zote, na kwa hivyo mzee atapewa ruhusa kupanda mpaka juu kabisa ya paa, auone mwezi kabla ya mtu yeyote wilayani. Makofi yalikuwa makubwa kuliko ya lifti. Mzee Athmani alingoja yatulie. Akashukuru. Halafu akaomba wapande wawili, yeye na Mwislamu mwenzake, kwa sababu kuanza kufunga shahidi mmoja anatosha, lakini kufungua, mwezi wa Idd, unataka mashahidi wawili. Meneja akasema hapo kidogo ni ngumu. Chini kutakuwa na benki, mambo ya usalama, hawawezi kuachia kila mtu ngazi. Atapanda mzee mmoja, akisindikizwa na ofisa wa kaunsili.

"Si hao ni wawili?" Karani akasema. "Utaenda na Musyoka hapa."

Mzee Athmani alinigeukia. "Musyoka ni jirani yangu na ni mtu wa kweli," akasema. "Lakini kwa habari ya mwezi wa Idd..."

Karani alikuwa ameshamwita msemaji mwingine. Mikono ikainuliwa, mingi, na jambo likapita. Nilimfuata Karani ofisini kumweleza tofauti ya wawili na wawili. Alinisikiliza huku akitafuta miwani yake, akasema yule mzee amepewa hata kuliko alichoomba, na kwamba sisi Wakamba tuna tabia ya kulilia mvua hata inaponyesha. Nilirudi mezani. Ule mchoro wa juu ya kabati uliliwa na mende.

Ujenzi ulichukua miaka, ukisimama na kuanza. Mimi ndiye niliyetumwa kukagua zege na nondo, na niseme kweli, lilijengwa imara. Ningependa kuwaambia lilikuwa bovu, ningepata faraja. Lifti haikuja. Shimo lake lipo, limefungwa kwa mbao. Maji ya mji wetu, ambayo hata bombani chini huja kwa kubembelezwa, hayakupanda zaidi ya gorofa ya tatu. Vile vioo vya magharibi viligeuza vyumba kuwa tanuri, wapangaji wakahama mmoja mmoja. Ikabaki benki chini, ofisi mbili tatu, na juu popo. Wanawake wa mtaa waliweka paa kwenye mabafu kujikinga na macho ya wapangaji ambao hawapo.

Mwaka wa kwanza zege lilipovuka gorofa ya tano, watu walitoka jioni ile kama kawaida. Nilikuwapo. Watoto walipanda ukutani. Wote tukatazama upande wa upenyo, tukaona zege. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuingia ndani. Mwishowe Bi Zuhura akawaita watoto wakale. Mwaka uliofuata vijana walijaribu kwenda kwa baiskeli njia ya Matinyani, mahali palipo wazi, lakini ni mbali kwa mtu mwenye njaa, na walirudi futari imepoa. Baadaye wakaacha. Redio ilikuwa rahisi. Baraza ikabaki na Mzee Athmani na cherehani yake.

Yeye hakuacha. Jengo lilipofunguliwa, miaka ya themanini inakaribia kuisha, alinikumbusha ruhusa yake. Ile ilikuwa Ramadhani yangu ya mwisho ofisini. Mwanzoni mwa mwezi tulipanda pamoja, gorofa nane kwa miguu, yeye akishika ukuta na kupumzika kila pembe ya ngazi. Akauona mwezi, akashuka, akawaambia, wakaamini, na redio ikasema vivyo hivyo. Karani alifurahi sana. Aliwaeleza wageni wote kwamba Kitui tuna mpango mzuri wa dini.

Jioni ya ishirini na tisa tulipanda tena. Alikuwa na njaa ya siku nzima, na umri, na nilimsihi tusiende. Alisema kama hakwenda, nani mwingine ataenda. Huko juu hakukuwa na ukingo, ni tangi kavu la maji na mavi ya njiwa. Jua lilipozama na adhana ikasikika chini yetu, alitoa tende mbili mfukoni, akanipa moja, akala yake. Kisha akasimama akitazama, akikunja macho. Mimi nilikuwa naona wekundu mtupu. Akanishika bega, akanyoosha kidole juu ya Yatta, nikafuata kidole, nikauona. Mwembamba, umelala kidogo. Hakuna wingu lililoukaribia. Tuliutazama mpaka ukazama, na nikaona analia, nikadhani ni furaha.

Kushuka kulituchukua muda. Watu walikuwa wamekusanyika nje ya msikiti na redio yao. Redio ilikuwa imekwisha kusema kwamba mwezi haukuonekana popote, pwani kulikuwa na mawingu, watu watimize thelathini. Mzee Athmani akasema ameuona. Maalim Yusufu, aliyekuwa akisalisha, kijana mpole aliyefundishwa Kurani na huyu huyu mzee, akauliza kwa adabu nani mwingine aliyeuona.

"Mimi," nikasema. "Nimeuona kwa macho yangu."

Maalim aliinamisha kichwa. "Najua umeuona, bwana Musyoka. Wewe husemi uongo. Lakini ushahidi wako sina ruhusa kuuchukua."

Nikamwambia ni mwezi, hauna dini. Akasema mwezi hauna, ila shahidi lazima awe nayo. Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililonimaliza. Kama angenitukana ningejua la kufanya. Nilitazama wale watu wote, watu ambao miaka yote walikuwa wakiuona wenyewe kwa pamoja, na sasa wamesimama gizani mwa lile jengo wakiwa hawana hata jicho moja la kuongeza juu ya lile la mzee. Hapo Maalim akamvuta Mzee pembeni na kumwambia jambo ambalo Mzee mwenyewe alikuwa akilijua tangu kule juu. Mtu aliyeuona mwezi wa Idd peke yake, kwake yeye ni Idd, na kufunga siku ya Idd ni haramu. Afungue, lakini kwa siri, asiwachanganye watu.

Asubuhi Bi Zuhura alinigongea dirishani kwa kucha, akaniita niingie kwa mlango wa uani. Chumba cha ndani kilikuwa kimefungwa madirisha. Mzee Athmani alikuwa ameketi mkekani na kanzu mpya, aliyoishona mwenyewe, ametia manukato kidogo tu. Alikuwa ameswali Idd peke yake. Hapakuwa na pilau, kwa sababu pilau ingenukia mtaa mzima. Kulikuwa na mkate wa sinia wa jana na chai iliyopoa. Nilimwomba Bi Zuhura aketi nasi. Akasema yeye hakuuona mwezi, Idd yake ni kesho, nasi tule tu, asiangaliwe yeye. Alikaa karibu na mlango akisikiliza kama kuna mtu anakuja.

Nikampa Mzee mkono, nikamwambia Idd Mubarak kwa sauti ya chini. Tukala. Nje watoto walikuwa wakienda chuoni kusoma Kurani, na mmoja alikuwa akijisifu kwamba leo atafunga mpaka mwisho. Mzee alimaliza kikombe chake, akavua ile kanzu, akaikunja, akavaa shati lake la kila siku. Akasukutua, akapangusa mdomo vizuri kwa kitambaa, akamwonyesha mkewe uso wake ili auangalie kama kuna chembe. Halafu akatoka kuketi barazani na watu waliofunga.